Kiitaliano kwa Mswahili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu matamshi, sarufi na maneno ya safari na makazi

Waswahili na Waitaliano wamezoeana siku nyingi. Ukipita Malindi au Watamu, muuza vinyago anaweza kukusalimu kwa Kiitaliano kabla hajajaribu lugha nyingine. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano wana kituo chao cha anga tangu miaka ya 1960. Nyeri na Iringa, vizazi kadhaa vimesomeshwa na kutibiwa na wamisionari wa Consolata kutoka Torino. Pamoja na hayo, vitabu vingi vya Kiitaliano vinavyotufikia viliandikwa kwa ajili ya Waingereza: vinaeleza kwa kirefu mambo tunayoyajua tangu utotoni, kisha vinapita haraka pale panapotutatiza sisi. Majibu haya yanaanzia kwenye Kiswahili, kwa ajili ya anayekwenda kutembea, anayekwenda kusoma na anayehamia kabisa.

## Kabla ya kuanza

Je, Kiitaliano ni kigumu kwa mtu aliyekulia kwenye Kiswahili?

Si kigumu kama kinavyoogopwa. Irabu ni zile zile tano, a e i o u, na husomwa kama zilivyoandikwa. Karibu kila neno huishia na irabu. Mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Kitenzi hubeba mtenda ndani yake. Kivumishi kwa kawaida hukaa baada ya nomino na kukubaliana nayo: *una macchina rossa*, gari jekundu.

Kazi halisi iko kwenye mambo machache: konsonanti pacha, jinsia ya nomino, vile vineno vidogo vinavyotangulia nomino, wakati uliopita wenye vitenzi visaidizi viwili, na namna ya kumwambia mtu "wewe" kwa heshima. Kila moja lina swali lake hapa chini.

Nina wiki chache tu kabla ya safari. Nianze na nini?

Anza na salamu, namba hadi mia, na sentensi ambazo utazitumia siku ya kwanza. *Vorrei…* (ningependa…) inakufungulia duka, hoteli na kituo cha treni. *Dov'è…?* (iko wapi…?), *Quanto costa?* (bei gani?), *Non ho capito* (sijaelewa), *Può ripetere, per favore?* (unaweza kurudia, tafadhali?) na *Parlo poco italiano* (nazungumza Kiitaliano kidogo) zinakutosha kuishi siku nzima bila kunyamaza. Zikariri kwa sauti, si kwa macho.

Nahitaji kufika kiwango gani?

Inategemea unachokwenda kufanya. Ngazi za lugha za Ulaya huanza na A1, ya mwanzo kabisa, kisha A2, B1, B2 na kuendelea. Mtalii anatosheka na A1. Anayeomba kibali cha kuishi cha muda mrefu, kile kinachoombwa baada ya miaka 5 ya makazi halali, anatakiwa kuonyesha A2. Anayeomba uraia kwa ndoa au kwa makazi anatakiwa kuwa na B1, sharti lililowekwa na sheria ya mwaka 2018. Chuo kikuu kinachofundisha kwa Kiitaliano kwa kawaida hudai B2.

Cheti kinachokubalika ofisini kwa kawaida hutoka kwenye taasisi nne: Chuo Kikuu cha Wageni cha Siena (mtihani wa CILS), Chuo Kikuu cha Wageni cha Perugia (CELI), Jumuiya ya Dante Alighieri (PLIDA) na Chuo Kikuu cha Roma Tre. Cheti cha programu ya simu, hata kiwe kizuri namna gani, hakikusaidii kwenye faili la uraia.

Nijifunze kupitia Kiingereza?

Ikiwa kitabu ulichonacho ni cha Kiingereza, kitumie, ila usitafsiri kutoka Kiingereza kichwani. Anayetafsiri "nina njaa" moja kwa moja kutoka Kiswahili anapata Kiitaliano sahihi. Anayepitia Kiingereza, ambacho husema "I am hungry" (mimi ni mwenye njaa), anakosea. Sababu iko kwenye swali la *essere* (kuwa) na *avere* (kuwa na).

## Matamshi

Herufi zipi husomwa tofauti na kwetu?

Ni chache, na zikishakaa hazibadiliki. C mbele ya e au i husomwa "ch": *ciao* ni "chao", *cena* (chakula cha jioni) ni "chena". Mahali pengine C ni "k". Sasa angalia hapa maana ndipo wengi hujikwaa: ch ya Kiitaliano ni "k" yetu. *Chi* (nani) ni "ki", *chiave* (ufunguo) ni "kiave". G hufuata utaratibu huo huo: *gelato* ni "jelato", lakini *spaghetti* ni "spagetti".

Gn ni "ny" yetu kamili, kwa hiyo *bagno* (choo, bafu) ni "banyo". Sc mbele ya e au i ni "sh": *pesce* (samaki) ni "peshe". Ukiongeza h inarudi kuwa "sk": *pesche* ni "peske", nayo ni matunda ya fyulisi. Ukiwa sokoni tofauti hiyo ina maana. Gli husomwa karibu na "lyi", ulimi ukiwa umelala kwenye kaakaa: *figlio* (mtoto wa kiume). H mwanzoni mwa neno haisomwi: *ho* ni "o". Z ni "ts" au "dz": *piazza* ni "piatsa".

Kwa wenzetu ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi r na l, hapa inabidi kutenganisha: *mare* ni bahari, *male* ni vibaya.

Kwa nini Waitaliano hawanielewi ilhali maneno nimeyataja sawasawa?

Mara nyingi kosa liko kwenye konsonanti pacha. Kiswahili hakina desturi hiyo, kwa hiyo sikio letu huiruka. Kwa Kiitaliano, herufi mbili zikiandikwa pamoja, sauti hushikiliwa kidogo kabla ya kuachiwa, na maana hugeuka. *Sete* ni kiu, *sette* ni saba. *Casa* ni nyumba, *cassa* ni mahali pa kulipia. *Nono* ni wa tisa, *nonno* ni babu. *Caro* ni ghali au mpendwa, *carro* ni mkokoteni.

Yapo mawili ya kuchunga zaidi. *Anno* ni mwaka, lakini *ano* yenye n moja ni sehemu ya mwili isiyotajwa mbele za watu. Unapotaja umri wako, *ho trent'anni*, ikazie ile n. *Penne* ni aina ya tambi. Ukiipunguzia n utaagiza kitu cha aibu.

Zoezi linalofaa: simama kwenye sauti ile huku umefunga mdomo au ulimi mahali pake, hesabu moja, kisha achia. *Fred-do. Not-te. Lat-te.* Mwanzoni utajiona unatia chumvi. Mwenyeji atakusikia uko sawa kabisa.

Mkazo daima uko silabi ya pili kutoka mwisho?

Mara nyingi, ila si daima. Neno lenye alama ya mkazo mwishoni hukaziwa mwishoni: *città* (mji), *perché* (kwa nini), *caffè*. Mengine hukaziwa silabi ya tatu kutoka mwisho bila alama yoyote: *tàvolo* (meza), *telèfono*, *màcchina*, *pàrlano* (wanazungumza). Hapa nimeweka alama kukusaidia. Kwenye maandishi ya kawaida hutaiona, kwa hiyo neno jipya lisikilize kabla ya kulisoma.

## Sarufi ya msingi

Jinsia ya nomino ni nini, na nitaijuaje?

Wewe umezoea ngeli, kwa hiyo wazo lenyewe si geni. Tunasema "kitabu kipya, vitabu vipya" bila kufikiri. Kiitaliano kina makundi mawili tu, la kiume na la kike, na upatanisho huonekana mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni: *il libro nuovo, i libri nuovi, la casa nuova, le case nuove*.

Nomino zinazoishia -o kwa kawaida ni za kiume na wingi wake ni -i. Zinazoishia -a ni za kike na wingi wake ni -e. Zinazoishia -e zaweza kuwa upande wowote, na wingi wake ni -i: *la chiave, le chiavi* (ufunguo, funguo). Wakaidi wapo: *la mano* (mkono) ni ya kike, *il problema* ni ya kiume, *l'uovo* (yai) ni ya kiume ila mayai, *le uova*, ni ya kike.

Jinsia inakugusa na wewe mwenyewe. Mwanamume aliyechoka husema *sono stanco*, mwanamke husema *sono stanca*. Na kwa kuwa "yeye" yetu haibagui, Waswahili wengi humwita mama *lui* na baba *lei*. Mwanamume ni *lui*, mwanamke ni *lei*. Hili linahitaji mazoezi ya makusudi.

Il, lo, la, l', i, gli, le: nitumie ipi?

Jifunze kila nomino pamoja na kineno chake, usiikariri peke yake. *Il* hutangulia nomino za kiume kwa kawaida, na wingi wake ni *i*. *Lo* hutumika neno la kiume likianza na z, gn, ps, au s inayofuatwa na konsonanti: *lo zaino* (begi la mgongoni), *lo studente*. *La* ni ya kike. *L'* hutumika mbele ya irabu kwa jinsia zote. Wingi wa *lo*, na wa *l'* ya kiume, ni *gli*. Wingi wa kike ni *le* daima. Ukikosea utaeleweka, kwa hiyo usinyamaze kwa kuogopa kineno.

Vitenzi hubadilikaje?

Sisi humweka mtenda mwanzoni mwa kitenzi: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Waitaliano humweka mwishoni. *Parlare* (kuzungumza): *parlo, parli, parla, parliamo, parlate, parlano*. Ndiyo maana kusema *io parlo* kila wakati husikika kama "mimi ninazungumza, mimi ninakula, mimi ninaondoka". *Parlo* yatosha, *io* iweke pale unapotaka kusisitiza kuwa ni wewe na si mwingine.

Makundi ni matatu kufuatana na mwisho wa kitenzi: *-are, -ere, -ire*. Kukanusha ni kuweka *non* mbele: *non parlo*. Kwa jambo la kesho unaweza kutumia wakati uliopo tu: *domani parto*, kesho naondoka. Wakati ujao wenyewe unaweza kusubiri.

Kiwakilishi cha kitendwa nacho hutangulia kitenzi. Sisi husema "na-ki-ona"; wao husema *lo vedo*. Mpangilio ni jamaa kabisa.

Tofauti ya *essere* na *avere* ni nini?

*Essere* ni kuwa: *sono, sei, è, siamo, siete, sono*. *Avere* ni kuwa na: *ho, hai, ha, abbiamo, avete, hanno*. Hapa ndipo Kiswahili kinapokubeba. Nina njaa, *ho fame*. Nina kiu, *ho sete*. Nina usingizi, *ho sonno*. Nina haraka, *ho fretta*. Nina miaka ishirini, *ho vent'anni*. Pale tunaposema "nina", mara nyingi na wao husema *ho*.

Hata maumivu yanafanana. Hatusemi "mimi ninauma kichwa". Tunasema kichwa kinaniuma. Nao husema *mi fa male la testa*. Yakiwa mengi kitenzi hubadilika: *mi fanno male i denti*, meno yananiuma.

"Kitabu chake" kinasemwaje?

*Il suo libro*. "Gari lake" ni *la sua macchina*. *Suo* au *sua* hufuata kitu kinachomilikiwa, wala haijali mwenyewe ni mwanamume au mwanamke, sawasawa na "chake" na "lake" zetu. Mswahili ana bahati hapa, aitumie. La ziada ni jamaa wa karibu: ndugu akiwa mmoja, kineno cha mbele huachwa. *Mia madre, mio fratello*, ila *i miei fratelli*.

Wakati uliopita unaundwaje?

Kwa mazungumzo ya kila siku unahitaji muundo mmoja: kitenzi kisaidizi pamoja na umbo la kitendo kilichokwisha. Vingi hutumia *avere*: *ho mangiato* (nimekula, nilikula), *ho capito* (nimeelewa). Vitenzi vya kwenda na kuja, kuzaliwa na kubaki hutumia *essere*, na hapo mwisho hufuata jinsia na idadi: *sono arrivato* kwa mwanamume, *sono arrivata* kwa mwanamke, *siamo arrivati* kwa kundi. *Sono nata a Tanga*, atasema binti wa Tanga.

Yasiyofuata kanuni ambayo utayahitaji mapema: *fatto* (kufanya), *detto* (kusema), *visto* (kuona), *preso* (kuchukua), *scritto* (kuandika), *perso* (kupoteza). *Ho perso il passaporto* ni sentensi ya kujua hata kama hutaihitaji.

Mbona "napenda" inageuka kuwa *mi piace*?

Kwa sababu kitu ndicho mtenda: kinanipendeza. *Mi piace il caffè*, *mi piacciono i datteri* (napenda tende, kwa wingi). Ukifikiri "kinanipendeza, vinanipendeza" hutakosea.

## Salamu na heshima

*Ciao* inafaa kwa kila mtu?

Hapana. *Ciao* ni ya rafiki, mtoto, jamaa, mtu mnayelingana. Kwa mzee, daktari, mwenye duka au ofisa, sema *buongiorno* mchana na *buonasera* kuanzia alasiri au jioni. *Buonanotte* ni ya kwenda kulala tu. *Salve* iko katikati, inafaa usipokuwa na hakika. Kuaga kwa heshima ni *arrivederci*.

Ukiingia duka dogo au chumba cha kusubiri kwa daktari, salimia wote. Salamu zao ni fupi kuliko zetu: *Come va?* hujibiwa *Bene, grazie, e Lei?* kisha shughuli huanza. Usione kama umedharauliwa kwa kutoulizwa habari za nyumbani.

*Tu* au *Lei*?

Hili nalisisitiza, kwa sababu sisi tunaotoka kwenye shikamoo tunajua uzito wa kumkosea mtu mzima adabu. *Tu* ni ya marafiki, watoto na rika. *Lei* ni ya heshima, na hutumia kitenzi cha nafsi ya tatu, kile cha "yeye". Kwa rafiki: *Come stai? Dove abiti? Scusa.* Kwa mkubwa au usiyemjua: *Come sta? Dove abita? Scusi.* Jina huongezewa *signora* au *signore*, ambayo mbele ya jina la ukoo huwa *signor*; daktari na wengi wenye shahada huitwa *dottore* au *dottoressa*.

Mkubwa akisema *diamoci del tu*, amekuruhusu kuacha *Lei*. Mwache aanze yeye. Anayeanza na *Lei* haharibu kitu.

*Permesso* na *prego* hutumikaje?

*Permesso?* ndiyo hodi. Hata ukiwa umealikwa na mlango uko wazi, ukikanyaga kizingiti unasema *permesso*, na mwenyeji hujibu *avanti* au *prego*. Kwenye basi lililojaa, *permesso* huomba njia. *Prego* nayo ni karibu, ni jibu la *grazie*, na ni "tangulia" unapompisha mtu mlangoni.

## Safarini

Nikiingia bar kunywa kahawa, mambo yanakwendaje?

Bar ya Italia ni mahali pa kahawa na vitafunwa, familia nzima huingia. Katika bar nyingi za mijini unalipa kwanza. Unakwenda *cassa*, unasema: *Buongiorno, un caffè e un cornetto, per favore* (kahawa moja na kitafunwa kimoja cha umbo la pembe, tafadhali). Unapewa *scontrino*, ile risiti ndogo. Unakwenda nayo kwenye kaunta, unaiweka mbele ya mhudumu na kurudia ulichoagiza. Kahawa inakuja kwenye kikombe kidogo, inanywewa kwa kusimama, mara nyingi na glasi ya maji pembeni. Ukikaa mezani, bei inaweza kupanda.

*Un caffè* ni ile nzito ya funda chache. *Latte* ni maziwa matupu, kwa hiyo anayetaka kahawa ya maziwa aseme *caffellatte* au *cappuccino*. Mkahawani, *coperto* kwenye bili ni malipo ya kukaa mezani kwa kila mtu, si bahashishi. Kuomba bili: *Il conto, per favore.*

Mimi ni Mwislamu. Nitaulizaje kuhusu chakula?

Sema wazi: *Non mangio maiale* (sili nguruwe) na *C'è carne di maiale?* (kuna nyama ya nguruwe?). Shida ni kuwa nguruwe hujificha kwenye majina mengine. *Prosciutto, speck, pancetta, guanciale* na *mortadella* zote ni nguruwe. Carbonara na amatriciana hutiwa *guanciale*. *Ragù* mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe. *Strutto* ni mafuta ya nguruwe, na huingia kwenye baadhi ya mikate. Risotto nyingi hutiwa divai, hivyo uliza: *C'è vino o alcol?* Miji mikubwa ina *macelleria islamica*, bucha ya halali. Pizza *marinara* ni nyanya, kitunguu saumu na oregano, basi.

Kuhusu treni nijue nini?

*Vorrei un biglietto per Bologna, solo andata* (kwenda tu) au *andata e ritorno* (kwenda na kurudi). *Da che binario parte?* ni treni inaondokea njia ipi. Tiketi ya karatasi ya treni ya *regionale* (ya mkoa) lazima igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda; ukisahau unaweza kupigwa faini ingawa umelipa. Kwenye ubao, *in ritardo* ni imechelewa, *soppresso* ni imefutwa, na *sciopero* ni mgomo.

Saa zao ni kama zetu?

Hapana, na kosa hili hukosesha watu miadi. Wao huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi kuanzia machweo na mapambazuko. *Alle nove* ya asubuhi ni saa tatu yetu. *Alle tre* ya mchana ni saa tisa. Ratiba na barua za ofisini hutumia saa 24, kwa hiyo *alle quindici e trenta* ni saa tisa na nusu alasiri. Siku za mwanzo, andika miadi yote kwa tarakimu na uitafsiri hapo hapo.

## Makazi

Karatasi za kwanza huitwaje?

Aliyeingia na viza ya muda mrefu ana siku 8 za kazi kuomba *permesso di soggiorno*, kibali cha kuishi. Kwa wengi, wakiwamo wanafunzi, ombi huanzia posta, kwenye dirisha liitwalo *Sportello Amico*. Unasema: *Vorrei il kit per il permesso di soggiorno*, yaani unaomba bahasha yenye fomu za kujaza. Utahitaji *marca da bollo*, stempu ya serikali ya euro 16, inayouzwa *tabaccheria*, duka la sigara lenye herufi T kubwa nje. Ukirudisha bahasha posta unapewa *ricevuta*: itunze kama pasipoti, maana ndiyo inayokutetea hadi kadi itoke. Baadaye unaitwa *questura*, ofisi ya polisi, kuchukuliwa alama za vidole.

*Codice fiscale* ni namba ya kodi yenye herufi na tarakimu 16. Bila hiyo hupangi nyumba kisheria wala hupati mkataba wa kazi. Katika nyumba, maneno ya kujua ni *affitto* (kodi ya pango), *caparra* (amana), *bollette* (bili) na *contratto registrato*, mkataba uliosajiliwa. Huo wa mwisho udai.

Nikiumwa nisemeje?

Dharura ni 112. Ambulensi pia ni 118. *Ho bisogno di un'ambulanza.* Idara ya dharura hospitalini ni *pronto soccorso*. Duka la dawa lina msalaba wa kijani. *Ho la febbre* (nina homa), *sono incinta* (nina mimba), *sono allergico* au *allergica a…* (nina mzio wa…). Namna ya kutaja maumivu iko kwenye swali la *essere* na *avere*.

Ukipata homa baada ya kutoka nyumbani, sema mara moja: *Sono appena arrivato dalla Tanzania* (au *arrivata*, au *dal Kenya*)*, vorrei fare il test della malaria.* Malaria haipo Italia kama ilivyo kwetu, na homa yako inaweza kudhaniwa mafua. Usingoje daktari aulize.

"Ndugu" nimwandikeje kwenye fomu?

Fomu za familia zinataka usahihi. *Fratello* na *sorella* ni waliozaliwa na mzazi mmoja na wewe. Mtoto wa mjomba, shangazi au ami ni *cugino* au *cugina*, hata kama mlilelewa nyumba moja. Baba mdogo, baba mkubwa, ami na mjomba wote ni *zio*. Baba ni *padre* mmoja tu. Ukiandika *fratello* na vyeti vya kuzaliwa vikaonyesha wazazi tofauti, ofisa ataona umedanganya. *Nipote* nayo hubeba maana mbili, mjukuu na mtoto wa ndugu yako. Ikibidi fafanua: *figlio di mio fratello*.

Nitasoma wapi nikishafika?

Uliza *CPIA*, shule ya serikali ya watu wazima. Kozi zake za A1 na A2 ni za bure au kwa ada ndogo, na cheti chake cha A2 hukubalika kwa kibali cha muda mrefu. Parokia na vikundi vya kujitolea pia hufundisha. Ukiwa bado Kenya, Nairobi kuna Istituto Italiano di Cultura.

## Maswali ya pembeni

Nilijifunza Kiitaliano ufukweni kwa kusikiliza. Kinatosha?

Umeshapata kilicho kigumu kununua: sikio na ujasiri. Vijana wengi wa Malindi, Watamu na Kiwengwa hujadiliana na Waitaliano kwa ufasaha ambao mwanafunzi wa darasani huutamani. Kinachokosekana kwa kawaida ni vitatu. Cha kwanza ni *Lei*, kwa sababu ufukweni kila mtu ni *tu*. Cha pili ni miisho ya vitenzi: *tu volere* hueleweka pwani, lakini kwenye usaili wa kazi sema *Lei vuole* au *tu vuoi*. Cha tatu ni kuandika, hasa konsonanti pacha. Usianze upya kama mgeni. Chukua hayo matatu na uyafanyie kazi.

Nazungumza Kifaransa, natoka Lubumbashi au Bukavu. Kinasaidia?

Sana, kwa msamiati na kwa wakati uliopita, ambao una visaidizi viwili vile vile. Tahadhari ni kwenye matamshi: Kiitaliano hakimezi mwisho wa neno. Kwa Kiitaliano soma irabu zote kama unavyosoma Kiswahili.

*Ne* ni nini?

Ni kineno cha "kati ya hizo". Muuza matunda akiuliza *Quante ne vuole?* anataka kujua machungwa mangapi. Jibu ni *Ne prendo sei*. Kwa anayeanza, kuielewa inatosha, kuitumia kutakuja.

Nimefika Napoli na sielewi neno. Nimejifunza lugha nyingine?

Hapana. Kiitaliano sanifu kilikua kutokana na lugha ya Firenze, na kando yake Napoli, Sicilia, Veneto na kwingineko watu wana lugha zao za nyumbani zinazotofautiana sana. Wazee hasa huzungumza hivyo wao kwa wao. Karibu wote wanajua Kiitaliano sanifu na watakugeukia kwacho ukiwaomba kwa adabu: *Scusi, può dirlo in italiano, per favore?*